Maswali ya Wasomaji: Kidonda Unyayoni, Mtoki Kinenani

Barua zilizofika mezani mwezi huu kutoka Mwanza na visiwani zimenishangaza kwa undugu wake. Mmoja anauliza habari za mtoki, mwingine kichocho, mwingine Virusi vya UKIMWI, lakini ukizisoma kwa pamoja unaona kwamba wote wanazunguka jambo moja, nalo ni namna chembe za kinga ya mwili zinavyojua pa kwenda. Kwa hiyo ukurasa wote nimeuacha kwa jambo hilo, na wale walioandika kuhusu vidonda vya tumbo naomba wanivumilie hadi toleo lijalo.

Shikamoo Daktari. Mimi ni mchuuzi wa dagaa hapa Kirumba Mwaloni. Mwanangu wa miaka tisa alichomwa na ndoano ya sangara kwenye unyayo alipokuwa akicheza karibu na mitumbwi. Tulikiosha kidonda kwa maji ya chumvi na siku ya tatu kikawa kimeanza kukauka, lakini siku hiyohiyo akalalamika kinena, na nilipomgusa nikakuta mtoki mkubwa kama kokwa la zambarau. Mama mkwe anasema ni sumu ya ndoano imepanda, na anataka tuukande kwa maji ya moto. Inakuwaje mtu aumie chini, uvimbe utokee juu? – Mama, Kirumba

Marahaba mama, na mpe mtoto pole. Nianze na lile lisilosubiri. Ndoano huchoma kwa kina na kuacha tundu dogo linaloziba upesi, na vidonda vya namna hiyo ndimo vimelea vya pepopunda hustawi. Kama huna hakika kwamba chanjo zake za pepopunda zimekamilika, mpeleke kituo cha afya leo, hata kama kidonda kimekauka. Mtoki wenyewe msiukande wala msiusugue.

Sasa tuje kwenye swali. Mama mkwe hakukosea sana, kwa maana ni kweli kuna kitu kilichopanda kutoka unyayoni hadi kinenani, ila kitu hicho si sumu bali ni wajumbe. Katika ngozi ya kila mmoja wetu zimetawanyika seli zenye matawi matawi ziitwazo seli za dendriti, jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mti. Mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin, Paul Langerhans, aliziona zile za tabaka la juu la ngozi mwaka 1868, na kwa sababu ya matawi yake akadhani ni sehemu ya mishipa ya fahamu. Ilipita zaidi ya karne moja kabla Ralph Steinman na Zanvil Cohn, huko New York, hawajaeleza mwaka 1973 seli zenye matawi walizozikuta katika wengu wa panya na ambazo baadaye zilithibitika kuwa ndizo zinazoamsha kinga. Steinman alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2011, na kamati ilipolitangaza jina lake haikuwa na habari kwamba alikuwa amefariki siku tatu kabla.

Kazi ya kila siku ya seli hizi ni kuonja. Hukaa mahali pamoja zikinyonya majimaji yaliyozizunguka na kuchunguza kilichomo. Ndoano ilipopenya unyayo wa mwanao iliingia na bakteria, na seli ya dendriti iliyokuwa jirani ilimeza baadhi yao, ikatambua kwamba hawa si wa mwili huu, ikabadilika tabia palepale. Iliacha kula. Ilizikatakata protini za bakteria na kuvipandisha vipande vyake juu ya utando wake wa nje, kama wewe unavyotandaza konzi ya dagaa juu ya gunia ili mnunuzi ajue kilichomo ndani bila kulifungua. Halafu ikafanya lile linalobeba mjadala wetu wote: ilivipunguza vipokezi, yaani protini za juu ya utando zinazopokea ishara, vilivyokuwa vikiivuta kuelekea mahali palipoumia, kama vile CCR1, CCR5 na CCR6, na badala yake ikakipandisha kipokezi kingine kiitwacho CCR7.

Kipokezi cha CCR7 hutambua protini ndogo mbili za kuelekeza njia, yaani kemokini CCL19 na CCL21. Mishipa ya limfu, ile mifereji myembamba inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu, hutoa CCL21 muda wote, iwe kuna kidonda au hakuna. Kwa hiyo njia ilikuwepo tangu zamani, ila seli ilikuwa haina cha kuitambulia, na sasa imekipata. Seli hutambaa mikromita chache kwa dakika, maana yake milimita moja ni safari ya saa kadhaa. Hujipenyeza katika mianya ya ukuta wa mshipa, hutambaa tena humo ndani, na ikishafika kwenye mishipa mikubwa zaidi ndipo mkondo wa limfu huibeba. Toka ngozini hadi kwenye tezi, yaani kile kituo cha limfu ambacho kikivimba tunakiita mtoki, ni siku moja hadi tatu hivi. Umeandika mwenyewe, mama, kwamba mtoki ulitokea siku ya tatu.

Limfu ya unyayo, kwa sehemu kubwa, humiminikia katika tezi za kinena, na ndiyo sababu uvimbe umetokea hapo na si kwenye goti au tumboni. Huko ndani ya tezi kuna kundi la pili linalosubiri, nalo ni seli T, chembe nyeupe za damu, ambazo bado hazijakutana na adui yeyote. Kila seli T imeumbwa kutambua kipande kimoja tu, na kwa bakteria fulani unaweza kupata seli moja inayofaa katika laki moja, pengine katika milioni. Kama seli hiyo na seli ya dendriti zingetafutana katika mwili mzima, mtoto angekuwa hoi kabla hazijaonana. Lakini seli T hizo nazo zina CCR7, kwa hiyo moja inafika kwa njia ya limfu na nyingine kwa njia ya damu, zote zikifuata kemokini zilezile hadi chumba kilekile. Zikishakutana, tezi hufunga mlango wa kutokea kwa muda, mshipa wa damu unaoilisha hupanuka, nyuzi zinazoibana hulegea ili ipate nafasi, na ile seli T iliyochaguliwa huanza kugawanyika mara kwa mara. Hicho ndicho ulichokigusa kwa vidole vyako.

Kwa kawaida mtoki wa namna hii hupungua polepole kadiri kidonda kinavyopona. Ukipita wiki mbili bila dalili ya kupungua, ukiwa mgumu na hausogei chini ya kidole, ukianza kutoa usaha, au mtoto akiwa na homa, jasho la usiku na kupungua uzito, basi hilo ni jambo lingine, likiwemo uwezekano wa kifua kikuu cha tezi, na linahitaji kupimwa.

Mwangaluka, Daktari. Niko kidato cha tano hapa Nyamagana, nasoma baiolojia. Mwalimu alitueleza kwamba kemokini ni kama harufu na kwamba seli huifuata. Lakini seli haina pua. Inanusa kwa nini, na inajuaje mbele ni wapi? – Mwanafunzi, Mwanza

Mwangaluka, mwanangu. Neno la mwalimu wako linafaa kwa kuanzia, lakini lina mtego, na nitaueleza.

Pua ya seli ni kipokezi chenyewe. Ni uzi mmoja wa protini ulioshonwa katika utando wa seli, ukipenya kuingia na kutoka mara saba, sehemu moja ikichungulia nje na nyingine ikining'inia ndani. Kemokini ikiigusa sehemu ya nje, uzi mzima hujipinda kidogo, na kule ndani protini iitwayo G huamka na kupeleka habari kwenye mifupa ya seli, ambayo ni nyuzi za aktini. Nyuzi hizo hujengwa kwa haraka upande ambao vipokezi vingi zaidi vimeguswa, na huo ndio unaokuwa mbele. Seli haihitaji tofauti kubwa. Hulinganisha mguso wa upande huu na wa upande ule, na kiasi kidogo kikizidi kinatosha kuisogeza. Vipokezi vya aina hii kwa binadamu ni karibu 20, na kemokini zenyewe ni kama 50, kwa hiyo utaona kipokezi kimoja kinapokea kemokini kadhaa na kemokini moja inapokelewa na vipokezi tofauti. Nakiri kwamba majina yake yanachosha. Herufi C mbili za mwanzo zinahusu asidi amino mbili za sisteini zilizokaa bega kwa bega katika kemokini za ukoo huo, R ni kipokezi, L ni kinachopokewa, na namba inakitofautisha kimoja na kingine. Ukishalijua hilo, CCR7 na CCL21 havikutishi tena.

Mtego niliousema ni huu. Harufu ya Mwaloni hubebwa na upepo, na jioni upepo wa ziwa ukigeuka unaweza kusimama hatua chache kutoka kwenye chanja za dagaa usisikie kitu. Kama CCL21 ingekuwa hivyo, seli zingepotea kila mara majimaji ya mwili yanapotikisika. Lakini CCL21 ina mkia mrefu wenye chaji chanya, na mkia huo unanata kwenye minyororo ya sukari iliyotanda kati ya seli. Mwaka 2013 watafiti walioko Austria walionyesha, katika ngozi ya sikio la panya, kwamba kemokini hii imepakwa juu ya tishu, nzito karibu na mshipa wa limfu na nyepesi kadiri unavyokwenda mbali, na kwamba seli za dendriti hufuata upako huo. Kwa hiyo badala ya pua na upepo, fikiria sisimizi wanaofuata mstari uliopakwa sakafuni na wenzao. Ndugu yake CCL19 hana mkia huo, naye huelea zaidi.

Jambo ambalo vitabu vya shule hulipita kwa haraka ni kwamba njia inahitaji pia mfagiaji. Kemokini inayotolewa bila kuondolewa itajaa kila mahali, na palipojaa kila mahali hapana mbele wala nyuma. Kwenye dari ya uwazi ulio chini ya ganda la tezi kuna seli zenye kipokezi kiitwacho ACKR4, ambacho humeza CCL19 na CCL21 bila kupeleka habari yoyote ndani. Kazi yake ni kufagia upande wa nje ili upande wa ndani ubaki mzito kuliko nje. Panya waliozaliwa bila kipokezi hicho, seli zao za dendriti hufika kwenye tezi na kukwama barazani, zikishindwa kuingia kwenye chumba cha seli T.

Nawe kama unapenda ushahidi, na nadhani unapenda, tazama panya waliofutiwa jeni ya CCR7, ambao taarifa yao ilitolewa mwaka 1999 kutoka Ujerumani. Seli zao za dendriti zilikuwa nzima, zinakula na kukatakata kama kawaida, lakini zilipoamshwa ngozini hazikufika kwenye tezi, na mwitikio wa kinga wa panya hao ulichelewa na kuvurugika. Nguvu zilikuwepo; kilichokosekana ni uwezo wa kuisoma njia.

Daktari, mimi ni mvuvi wa hapa Ukerewe. Kila mwaka nakunywa vidonge vya kichocho na kila nikipimwa choo baadaye wananiambia ninacho. Hawa wadudu wanapita kwenye ngozi yangu, na mimi si mgonjwa mgonjwa. Kinga yangu haiwaoni? – Mvuvi, Ukerewe

Ndugu yangu, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, maana limewakosesha usingizi watu wa maabara.

Mabuu ya kichocho cha tumbo hutoka kwa konokono wa majini, huogelea hadi kwenye ngozi yako na kupenya kwa dakika chache, wakiacha mikia yao nje. Njia yao inakatiza katikati ya zile seli za Langerhans nilizozitaja kwa mama wa Kirumba. Kwa hesabu ya kawaida, seli hizo zilipaswa kushtuka, kupandisha CCR7 na kukimbilia kwenye tezi. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walichunguza jambo hili kwa panya, wakakuta kwamba buu wa kichocho hutengeneza prostaglandini D2, kemikali ambayo hata miili yetu huitengeneza, na kwamba kemikali hiyo huzizuia seli za Langerhans kuondoka ngozini. Haziui. Huziweka tu. Ni sawa na mtu anayemshika mjumbe wa nyumba kumi mlangoni kwa maongezi marefu ya mazishi na mahari, huku wenzake wakihamisha vyombo kwa mlango wa nyuma. Hayo ni ya panya, na ngozi ya mvuvi wa miaka arobaini iliyokwisha kupenywa mara nyingi ina historia yake, lakini ujanja wenyewe unaonyesha kwamba mdudu huyu, katika kuishi kwake na wanyama tangu kale, amejua kwamba pa kuivunja kinga ni kwenye safari.

Akishavuka ngozi hupita kwenye mapafu na kuishia katika mishipa ya damu ya utumbo, ambako mnyoo mkubwa hujivika protini za damu yako mwenyewe na kuweza kuishi miaka. Kinga dhidi yake hujengwa polepole mno.

Kuhusu vidonge, prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa; ile michanga haiiwezi vizuri, na haizuii mingine isiingie kesho yake. Kwa hiyo kukutwa na kichocho tena hakumaanishi kwamba dawa ni maji. Huenda umeambukizwa upya, au baadhi ya minyoo ilikuwa bado michanga siku uliyomeza, na mhudumu wa afya anaweza kukupangia lini urudie. Usiache kunywa mgao unapokuja. Najua kukwambia usiguse ziwa ni kumwambia mkulima asiguse jembe, hivyo nitasema yanayowezekana: mabuu hutoka kwa wingi jua likishakolea, kuanzia asubuhi ya kuchelewa hadi mchana, basi kuoga na kufulia ufukweni saa hizo kuepukwe, maji ya kuoga yakitulizwa siku mbili katika pipa lisilo na konokono, mabuu huwa wamekufa, na choo kisijengwe karibu na mwalo wala mtu asijisaidie ziwani, kwa kuwa konokono huambukizwa na kinyesi chetu.

Nimesoma kwamba kuna watu wasioweza kupata VVU kwa sababu wamezaliwa bila CCR5, na kwamba mgonjwa mmoja alipona kabisa kwa njia hiyo. Je, ni kweli, na kwa nini sisi hatutibiwi hivyo? – Msomaji, Igoma

Ni kweli kwa sehemu. Mwaka 1996 ilibainika kwamba VVU, ili kuingia kwenye seli, hushika kwanza CD4, protini iliyo juu ya baadhi ya seli T, na kisha kipokezi cha pili, ambacho kwa aina nyingi za virusi vinavyoambukizwa ni CCR5. Hicho ni kile kile ambacho seli ya dendriti changa hukitumia kuelekea kwenye uvimbe. Kuna watu ambao jeni yao ya CCR5 imepungukiwa herufi 32, na anayerithi upungufu huo kwa baba na kwa mama hana kipokezi hicho kwenye seli zake. Watu hao ni kama asilimia 1 ya wenye asili ya Ulaya ya kaskazini; kwetu Afrika upungufu huo ni nadra mno. Hata wao hawana kinga kamili, kwa kuwa baadhi ya virusi hutumia kipokezi kingine, CXCR4.

Mgonjwa unayemtaja ni Timothy Ray Brown, aliyepandikizwa uboho mjini Berlin mwaka 2007 kutoka kwa mtu asiye na CCR5. Alipandikizwa kwa sababu alikuwa na saratani ya damu; upandikizaji huo ni wa hatari, huua baadhi ya wagonjwa, na hakuna daktari mwenye busara atakayempa mtu anayeishi vizuri kwa ARV. Isitoshe CCR5 si pambo. Wasio nayo huumia zaidi wanapopata virusi vya West Nile.

Msomaji, kuna upande mwingine wa habari hii unaonigusa zaidi. Seli ya dendriti inaweza kuvinasa VVU kwenye utando laini wa uke au njia ya haja kubwa, na kisha kufanya kazi yake kwa uaminifu: hupandisha CCR7, hufuata njia, hufika kwenye tezi zenye seli T nyingi kuliko mahali pengine popote, na kuvikabidhi virusi kwa seli vilizokuwa vikizitafuta. Kirusi hakihitaji kuijua njia ikiwa kimempata dereva. Ndiyo sababu dawa za kinga zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72 tangu tukio linaloweza kumwambukiza mtu, na mapema zaidi ni bora, kabla safari hiyo haijafika mbali.

Kuna dawa ya chupa inauzwa hapa stendi kwamba inaongeza kinga. Haina jina la mtengenezaji wala namba ya usajili. Ninunue? – Abiria, Buzuruga

Hapana. Chupa yenyewe umeieleza kwamba haina jina la mtengenezaji wala namba ya usajili, na hilo pekee linatosha. Lakini hata ingekuwa nayo, ningeuliza inaongeza nini. Seli za dendriti husafiri pia siku ambazo hakuna ugonjwa wowote, kwa CCR7 hiyohiyo, zikibeba vipande vya mwili wako mwenyewe na kuvionyesha kwa seli T ili zijifunze kuviacha. Wale panya wasio na CCR7 hawakuishia kuwa na kinga dhaifu tu. Walipozeeka, kinga yao ilianza kushambulia viungo vyao wenyewe.